Biashara tatu nyumbani, nami nimeelemewa

SWALI: Mpendwa Mshauri, pokea salamu zangu. Ninaendesha biashara tatu nyumbani: nashona nguo za oda, natengeneza sabuni za miche, na jioni nafundisha wanafunzi hisabati kwa njia ya intaneti. Siku hizi nguo za wateja zinachelewa, vipindi naviingia bila maandalizi, na fedha zinaingia lakini sioni zinakokwenda. Hata usingizi umepungua, kwa kuwa kila nikilala nakumbuka kazi niliyoiacha nusu. Ndugu zangu wananishauri nifunge mbili nibaki na moja. Je, nifunge zipi?
Msomaji aliyeelemewa

JIBU: Dada yangu, nakusihi usifunge biashara yoyote wiki hii, kwa sababu mtu aliyechoka kiasi hicho huelekea kuiacha ile iliyomsumbua jana, hata kama ndiyo inayomlipa vizuri. Nikiisoma barua yako naona kwamba biashara zako zote zinakudai kwa wakati mmoja: sindano ingali kwenye mkono wa gauni, simu inalia, mzazi anaulizia kipindi cha jioni, nawe unainuka. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anayeiacha kazi kabla ya kuimaliza na kushika nyingine hubaki na sehemu ya mawazo yake katika ile ya kwanza, hivyo ya pili huifanya kwa ufanisi mdogo. Ndiyo maana mtu huhangaika kutwa nzima na jioni asione kilichokamilika.

Zipange kazi zako kwa kufuata tabia ya kila moja. Kufundisha kuna saa zake zisizosogezwa, kwa hiyo vipindi, pamoja na muda wa kuviandaa, viandikwe kwanza katika ratiba. Kushona kunataka utulivu wa saa kadhaa mfululizo, na hatua zinazofanana zinaweza kuunganishwa: siku moja ukate vitambaa vya oda zote za wiki, siku zinazofuata ushone, na mwisho utenge muda wa vifungo, pindo na pasi. Sabuni, ikiwa unaitengeneza bila kuipika, kwa kawaida hukaa wiki 4 hadi 6 ikikauka na kukomaa kabla ya kuuzwa, na muda wote huo inachohitaji ni rafu inayopitisha hewa na tarehe iliyoandikwa wazi. Basi itengeneze kwa mkupuo mmoja, labda mara moja kwa mwezi, na siku hiyo usiwe na kazi nyingine. Kostiki soda, ile kemikali kali inayochanganywa na mafuta ili kupata sabuni, huunguza ngozi na macho. Ndiyo inayotiwa kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe juu yake, na inataka glavu, miwani ya kinga, dirisha wazi na watoto wakiwa mbali. Nalisisitiza hili kwa moyo wote: usiichanganye huku unajibu ujumbe wa mteja.

Wateja nao wapewe saa maalumu za kujibiwa, asubuhi na alasiri, na waelezwe hivyo kwa upole. Usimtajie mtu tarehe ya kuchukua nguo kabla ya kufungua daftari na kuona oda zilizomtangulia.

Kuhusu ipi ifungwe, jibu litatoka katika hesabu zako. Tenga daftari la kila biashara, na kwa mwezi mmoja andika mapato, gharama na saa ulizotumia, ukijumlisha zile tunazozisahau kwa urahisi: kumpima mteja, kufuata vifaa, kusahihisha kazi za wanafunzi. Ondoa gharama katika mapato, kisha kinachobaki ukigawanye kwa saa. Huenda ukakuta kwamba biashara inayoleta fedha nyingi mkononi ndiyo inayokulipa kidogo kwa kila saa. Hiyo, jaribu kwanza kuipandishia bei au kuipunguzia oda, isipobadilika, ipumzishe. Fedha za sabuni zikinunua vitambaa, ziandikwe kama deni, na wewe mwenyewe ujilipe kiasi kinachojulikana, maana matumizi ya nyumbani yakichotwa humo bila kuandikwa, hutajua kamwe faida iko wapi.

Kila usiku, kabla ya kulala, andika kazi zilizobaki nusu na hatua inayofuata kwa kila moja, ili usilazimike kuzibeba kichwani. Hata hivyo, hali yako isipuuzwe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa huweza kumfikisha mtu katika uchovu mkubwa, kuichukia kazi yake na kushuka kwa ufanisi. Anza kupunguza oda mpya sasa, na ukiona usingizi haurudi, mwone daktari bila kusubiri mwezi wa hesabu uishe.