Ustadi wa Jiro Taniguchi, na namna nilivyovipata vitabu vyake Ulaya

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba uliona kurasa chache za Jiro Taniguchi, mchoraji wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, kwenye simu zikakuvutia, na sasa unataka kujua kama kweli anastahili sifa anazopewa, na utavipataje vitabu vyake vilivyotafsiriwa ilhali huko Dar es Salaam hujaviona dukani. Ninaishi Brussels mwaka wa kumi na moja huu, na vitabu vyake nimevikusanya kimoja kimoja, kwa hiyo nitakueleza yale niliyoyaona mwenyewe.

Anastahili, tena zaidi ya anavyosifiwa. Taniguchi alizaliwa Tottori mwaka 1947 na kufariki dunia Februari 2017, na kitabu kilichonifanya nimpende ni kile ambacho Wafaransa wamekiita L'Homme qui marche, yaani mtu anayetembea. Humo hamna vita wala mashujaa. Mwanamume mmoja anazunguka mitaa ya karibu na kwake, anapanda mti kuwatolea watoto ndege yao ya kuchezea iliyonasa matawini, na usiku mmoja anaingia kuogelea kwenye bwawa lisilo na mtu. Kurasa kadhaa hupita bila neno hata moja. Mara ya kwanza nilikimaliza kwa nusu saa nikadhani nimekisoma. Niliporudia ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimeangalia kitu.

Chukua kisanduku kimoja tu cha mchoro ukurasani, chenye paa za nyumba, ukisogeze karibu na taa. Utaona kwamba kigae cha paa, waya wa umeme na jani la mti vimechorwa kwa uangalifu uleule aliopewa mhusika usoni, wala hakuna kona iliyoachwa kwa kulipua. Halafu tazama vivuli. Wachoraji wa manga wa zama zake walikuwa wakibandika juu ya mchoro karatasi nyembamba zenye vitone vidogo vidogo, wakizikata kwa kisu kufuata umbo la kitu, na penye mwanga wakikwangua vitone hivyo taratibu. Taniguchi alikuwa akipandanisha karatasi hizo tabaka juu ya tabaka, na ndiyo sababu ukungu wake huonekana kama ukungu kweli, na jua la jioni ukutani unaweza kukisia ni saa ngapi. Kwa rangi nyeusi na nyeupe peke yake! Vitone hivyo ndivyo pia vinavyonifanya nikusihi usimpime kwa kurasa za kwenye simu, kwa kuwa vikipunguzwa kwenye kioo kidogo hugongana na kutoa michirizi ambayo yeye hakuichora.

Kuhusu lugha, kama unasoma Kifaransa hata cha kubabaisha, anzia huko. Mchapishaji Casterman, aliyeanzia Tournai hapa Ubelgiji na ambaye ndiye mchapishaji wa hadithi maarufu za picha za Tintin, alitoa L'Homme qui marche mwaka 1995, na tangu hapo Wafaransa na Wabelgiji wamempenda kama mtu wa kwao. Kitabu chake Quartier lointain, yaani mtaa wa mbali, kilipata tuzo ya hadithi bora katika tamasha la hadithi za picha la Angoulême, Ufaransa, mwaka 2003. Ni kisa cha Hiroshi, mwenye umri wa miaka 48, anayepanda treni isiyo yake mjini Kyoto, akajikuta Kurayoshi, mji alikokulia, na kwenye kaburi la mama yake anarudi kuwa kijana wa miaka 14 mwenye akili ya mtu mzima, miezi michache kabla ya baba yake kuitoroka familia. Kiingereza nacho kipo, kupitia mchapishaji mdogo aitwaye Fanfare/Ponent Mon, ila vitabu ni vichache zaidi, na kimoja kikiisha sokoni bei ya kilichobaki hupanda sana.

Jambo moja linawachanganya wengi: manga ya Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini matoleo ya zamani ya Casterman yamegeuzwa ili yasomwe kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi nilianzia chuoni Unguja kwa juzuu, kwa hiyo kusoma kutoka kulia hakunipi shida, na ningependa michoro ibaki ilivyotoka mkononi mwake. Mchoro ukigeuzwa kama kwenye kioo, anayeandika kwa mkono wa kulia anakuwa wa kushoto, na kimono, vazi la Kijapani, hufungwa upande ambao Wajapani huufunga kwa maiti. Hata hivyo, Taniguchi mwenyewe aliukubali ugeuzaji huo, na Quartier lointain ilipangwa kwa uangalifu, kwa hiyo hilo lisikuzuie kununua.

Mimi hununua zaidi vitabu vilivyotumika, kwenye maduka ya barabara ya Boulevard Maurice Lemonnier hapa Brussels, ambako naweza kukifungua kitabu na kukikagua kabla ya kulipa. Kwenye mtandao niliwahi kuumia: muuzaji mmoja aliandika kwamba Quartier lointain anayouza ni kamili, nikalipa pamoja na nauli ya posta, ikaja juzuu ya pili peke yake. Tangu siku hiyo natafuta neno intégrale, yaani juzuu zote pamoja, kwenye jalada, nalinganisha namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, na ya mchapishaji, na naomba picha ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Nakushauri ufanye hivyohivyo, na pia uulize mapema gharama za posta na ushuru, kwa sababu kitabu kinene ni kizito na nauli inaweza kukaribia bei yake. Nafuu zaidi ni kumpata msafiri mwenye nafasi kwenye begi.

Ukipata pesa ya kitabu kimoja tu, nunua Quartier lointain. Le Sommet des dieux, yaani kilele cha miungu, kile cha kupanda mlima Everest kilichopata tuzo ya uchoraji Angoulême mwaka 2005, kina juzuu tano, na ukianza hutaweza kuishia ya kwanza, kwa hiyo kisubiri mpaka uwe na uwezo wa zote. Nikija likizo Desemba nitakuwa na nakala ya pili ya L'Homme qui marche, na ukiniandikia faraghani nitakuletea.