Nyonga imebadilishwa, mbona bado inauma?

Wengi walioniandikia kuhusu nyonga bandia wana lalamiko moja: waliahidiwa kwamba maumivu yatakwisha, na hayajakwisha. Kabla sijajibu, niseme hili: maumivu yanayopungua polepole ni kitu kimoja, na maumivu yaliyokwisha kisha yakarudi ni kitu kingine kabisa.

Shikamoo daktari. Mama ana miaka 68, alivunjika nyonga akabadilishiwa. Huu ni mwezi wa pili. Anatembea kwa fimbo, ila ikifika jioni paja lote linamuuma. Ni kawaida? (Binti yake, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Ni kawaida, ilimradi wiki hii ana nafuu kuliko mwezi uliopita. Misuli ilipasuliwa, mfupa ukakatwa na chuma kikashindiliwa ndani yake. Wengi hupata nafuu kubwa kufikia mwezi wa tatu, na nguvu huendelea kurudi hadi mwaka mzima. Badala ya safari moja ndefu, atembee mara kadhaa kwa umbali mfupi, na jioni mwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15.

Halafu mwangalie anavyoshika fimbo. Wagonjwa wengi huishika upande ule ule unaouma, na hapo wanajitesa bure. Kama nyonga ya kulia ndiyo iliyobadilishwa, fimbo ikae mkono wa kushoto, na itangulie pamoja na mguu wa kulia. Kwenye ngazi, akipanda aanze na mguu mzima. Akishuka aanze na fimbo na mguu uliofanyiwa upasuaji.

Nina selimundu. Nilibadilishiwa nyonga nikiwa na miaka 27, sasa ni mwaka wa pili. Kila nikienda kliniki naambiwa picha ni nzuri, na mimi bado naumia. Nyumbani wameanza kusema nadeka. (Kijana, Mwanza)

Hudeki. Eksirei inaonyesha mfupa na chuma. Misuli, kano na neva hazionekani humo. Hata pale upasuaji ulipofanyika vizuri, takriban mtu 1 kati ya 10 hubaki na maumivu ya muda mrefu, kwa hiyo picha nzuri haitoshi kumfunga mgonjwa mdomo.

Kinachosaidia ni kujua maumivu yanakaa wapi na yanakuja lini. Yakishika kinenani unapoinua mguu kupanda daladala, huenda kano inayopita mbele ya nyonga inasuguana na ukingo wa kikombe bandia, yaani tundu jipya ambamo kichwa cha mfupa huzunguka. Ukishindwa kulalia ubavu ule, shaka iende kwenye kano za ubavuni na kifuko cha majimaji kilicho karibu nazo. Hapo mazoezi ya kuimarisha misuli ya tako husaidia sana. Yakiuma pajani ukinyanyuka kitini, hatua za mwanzo tu, kisha yakapoa, daktari achunguze kama chuma kinalegea. Kwa hili beba picha yako ya kwanza kabisa ilinganishwe na ya leo, kwa sababu picha moja peke yake inaweza kuficha mengi. Na yakitoka kiunoni yakashuka hadi chini ya goti pamoja na ganzi, chanzo kinaweza kuwa mgongo wala si nyonga.

Kwa selimundu naongeza mambo mawili. Hatari ya maambukizi kwako ni kubwa zaidi, basi omba kipimo cha damu cha CRP, kinachoonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini, hata kama huna homa. Pia nyonga ya upande wa pili ipigwe picha, maana ugonjwa ule ule ulioua kichwa cha mfupa wa kwanza kwa kuunyima damu unaweza kuanza huko. Andika kwa wiki mbili mahali panapouma, saa, na ulichokuwa unafanya. Ukimwambia daktari "inauma tu", hana pa kuanzia.

Nina wiki tatu tangu upasuaji. Mama mkwe anataka kunichua mguu kwa mafuta ya nyonyo na kunikanda maji ya moto. (Mama, Tanga)

Asikuchue. Kidonda bado kibichi, na wiki hizi damu huganda kwa urahisi kwenye mishipa ya mguu. Kuchua kunaweza kulisukuma bonge la damu hadi kwenye mapafu. Shavu la mguu likivimba, likipata joto na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukikosa pumzi au kifua kikichoma, usingoje hata saa moja. Mama mkwe naye anataka kukuuguza, basi mwombe akusindikize unapofanya mazoezi ya kutembea.

Ni mwezi wa tano nameza diklofenaki kila siku, na nina presha. Nifanyeje? (Baba, Arusha)

Acha kujinunulia. Dawa hiyo hupandisha presha, huumiza figo na kutoboa tumbo. Parasetamoli ni salama zaidi kwako: vidonge 2 vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, visizidi 8 kwa saa 24, na vipungue kama ini lina shida. Lakini kuhitaji dawa kila siku mwezi wa tano ni sababu tosha ya kurudi kwa aliyekupasua.

Baba alibadilishiwa nyonga miaka mitatu iliyopita akawa mzima. Mwezi uliopita alipata jipu la jino. Sasa nyonga inauma usiku hata akiwa amelala, na kovu limetoa maji. (Nakuru)

Mpeleke leo. Bakteria wa jino husafiri kwa damu na kujificha kwenye chuma. Msimpe antibiotiki za dukani njiani: daktari anahitaji kwanza kuvuta majimaji ya kiungo ayapime, na dawa iliyotangulia inaweza kuwaficha wadudu.

Nikisujudu nasikia kinena kinavutwa. Nina miezi miwili. (Mzee, Mombasa)

Mzee wangu, swali ukiwa kwenye kiti. Ruhusa ya mgonjwa kuswali amekaa unaijua kuliko mimi. Kiti kiwe kirefu, magoti yasipande juu ya nyonga, na kurukuu uiname kidogo tu. Kurudi kwenye msala umuulize aliyekupasua, maana inategemea alipitia mbele au nyuma ya nyonga.