Usimeze hicho kipaketi cha pili kabla hujapima!

Dadangu wa Bamburi weka hicho kipaketi chini kwanza, salamu baadaye. Unasema umemaliza raundi ya kwanza ya Clomid, ile dawa ya kupevusha mayai, mwezi wako wa kawaida ni siku 28 na saa hii uko siku ya 36, umeona matone ya kahawia siku mbili yakakata, na rafiki ya mavyaa wako amekwambia hio ndo hedhi yenyewe, imebadilika kwa sababu ya dawa, kwa hivyo uanze raundi ya pili leo usiku na upandishe iwe miligramu 100. Halafu umeuliza na mambo ya tende, na mapacha, na kama mazoezi yana ubaya. Hayo tuyaache kwanza.

Matone si hedhi. Siku ya kwanza ya mzunguko ni ile siku damu nyekundu inashuka sawasawa mpaka unatafuta pedi, si alama kwenye chupi. Na ukiwa unatumia dawa za kupevusha mayai hakuna kuanza raundi nyingine kabla hujapima mimba. Hakuna, hata kama kuna kitu umekiona. Sheria yangu ni hio moja tu na nimeilipia kwa mrija wa uzazi.

Mie nlianza vizuri tu, daktari wa kina mama akaniandikia 50 kwa siku 5 na akasema nirudi nipigwe skani. Siku zangu zikapitiliza, halafu zikaja kidogo sana, rangi kama maji ya ukwaju, kesho yake zikakata. Kurudi kwa daktari ni pesa, ni foleni, mume yuko safarini, nkaona wacha niulize kwanza duka la dawa hapa mtaani. Yule kijana na koti lake jeupe hakuniuliza hata swali moja. Hakuuliza kama nimepima mimba, hakuuliza cheti cha daktari, na hii ni dawa ya kuandikiwa! Akanambia "hio kawaida dada, Clomid inapunguza hedhi, wewe anza tena." Akatoa makasi akakata vidonge vitano kutoka kwenye karatasi yake, akavitia kwenye kibahasha cha kaki, akaandika 1x1 kwa kalamu, nkalipa nkaenda zangu.

Na linaloniuma mpaka leo ni kwamba nusu ya alichosema ni kweli. Clomid kweli inaweza kufanya ukuta wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba na hedhi ikatoka chache. Ndo maana ukiambiwa unakubali, manake umeshasoma mahali, umeshasikia kwa shoga yako, linaingia akilini. Lakini yeye alijuaje kwamba yangu mie ni hio? Hakujua. Alikuwa anauza.

Nkameza. Baada ya muda upande wa kushoto chini ukaanza kuniuma, nkamrudia, akasema hayo ni mayai yanakomaa, dalili nzuri. Wallahi nlifurahi, nikawa nalala na yale maumivu nikimshukuru Mungu. Halafu bega likaanza, hapa juu kabisa kwenye ncha, nkadhani nimelalia vibaya nkajipaka dawa ya kuchua. Nani angenambia bega lina uhusiano na tumbo? Damu ikimwagika ndani ya tumbo inausumbua ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu na maumivu unayasikia begani. Alfajiri nkaanguka bafuni. Wifi yangu ndo alonitoa, akaniingiza kwenye tuktuk na deraya langu lile lile. Hospitali wakapima mkojo, mimba. Wakapiga skani, mfuko mtupu, mimba iko kwenye mrija na mrija ushapasuka. Nlipasuliwa siku ile ile.

Sisemi vidonge vya raundi ya pili ndo vilivyoniharibia, mimba ilikuwa ishakaa pale kabla sijavimeza. Nnachosema ni hivi, kijiti cha kupimia mimba, kile cha bei ya chini kabisa kilichokuwa pale pale nyuma yake kwenye rafu, kingenambia kuna mimba mapema, na ikijulikana mapema kuna wanawake wanatibiwa kwa sindano tu na mrija wao unabaki. Mtu unavaa koti jeupe, dada wa watu anakwambia ametumia Clomid, ameona matone, anaumwa upande mmoja, na wewe unamwambia ni dalili nzuri? Sijamsamehe.

Sasa hio siku ya 36 yako. Clomid inauzuia ubongo usiione estrojeni, ile homoni ya kike, ubongo unadhani imepungua unatuma homoni nyingi ya kukuza mayai. Yai mara nyingi hutoka siku 5 hadi 10 baada ya kidonge cha mwisho. Ukimeza kuanzia siku ya 3 hadi ya 7, yai linaweza kutoka siku ya 12 na linaweza kutoka siku ya 17, na hedhi inafuata kama wiki mbili mbele. Kwa hivyo ile programu ya simu inayokwambia umechelewa siku nane haijui lolote, inahesabu miezi yako ya zamani kabla ya dawa. Unaweza kuwa una mimba, au yai lilichelewa, au halikutoka kabisa, na yote matatu kwenye chupi yanafanana. Na kama daktari alikupa vidonge vya projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, navyo vinaizuia hedhi. Na kama ulidungwa ile sindano ya HCG ya kulitoa yai, kipimo cha mimba kinaweza kukudanganya kwa karibu wiki mbili, hilo mwambie atakayekupima.

Kupandisha 100 ni kwa ambaye 50 haikumtoa yai. Wewe umejuaje kama halikutoka? Kuna skani? Kuna kipimo cha projesteroni? Na hicho kinachoitwa cha siku ya 21 kinataka kufanywa kama siku 7 kabla ya hedhi unayoitarajia, mwenye mzunguko mrefu akienda siku ya 21 anaambiwa yai halikutoka kumbe ndo kwanza linatoka. Na kama kuna uvimbe wa maji kwenye ovari hupewi raundi nyingine mpaka uishe, na huo hauonekani bila skani. Na mume je, kapimwa? Watu wanameza Clomid miezi na miezi na mbegu za bwana hazijaangaliwa hata mara moja.

Najua kutojua kunachosha kuliko dawa yenyewe. Kila ukienda choo unaangalia karatasi. Kama wewe ni wa kuswali kama mie ndo zaidi, matone haya ni hedhi au istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, niswali nisiswali, nlikuwa nalia juu ya mswala. Muulize ustadha unayemwamini na umwambie wazi unatumia dawa. Mie nlinunua daftari dogo nkawa naandika tarehe, rangi, pedi au matone tu, upande gani unauma, macho yanaona sawa au kuna vimulimuli, manake vimulimuli ukiviona unaacha dawa na kumpigia daktari siku hio hio. Lile daftari lilinituliza kuliko maneno ya watu, na daktari niliyehamia alilisoma lote mbele yangu.

Basi kesho asubuhi mkojo wa kwanza, pima. Mistari miwili, nenda ukapimwe damu kile kipimo cha namba, kinachoonyesha homoni ya mimba ni kiasi gani, kirudiwe baada ya saa 48, na uombe skani ya ndani, ile ya kupitia ukeni, waone mimba imekaa wapi. Mstari mmoja na damu ya kweli haijashuka, rudi kwa alokuandikia dawa, si kwa alokuuzia. Lakini kama saa hii unaumwa upande mmoja, au bega, au ukisimama unaona kizunguzungu, usingoje asubuhi, mwamshe bwana mwende Coast General au hospitali yoyote iliyo karibu na waambie ukifika tu kwamba unatumia Clomid na hedhi imepitiliza.

Rafiki ya mavyaa usibishane naye, mwambie daktari amesema ungoje. Ukishapima andika hapa.