Friji la kusimama au la kufungulia juu? Natron ilinipa jibu

Juzi nimerudi kutoka Serengeti, siku tisa za kambi tupu. Asubuhi ya mwisho pale kambi ya Pimbi, Seronera, mpishi wangu alitoa kwenye friji letu la kufungulia juu mfuko wa mwisho wa nyama ya kusaga akaubwaga mezani, ukagonga kama jiwe. Siku ya tisa, nyama bado imeganda! Nilisimama nikaushika kwa mikono miwili, na sioni aibu kusema kwamba moyo ulijaa.

Jioni nikakuta ujumbe wa msomaji wa Moshi. Amenunua Land Cruiser, anaitengeneza iwe gari la safari, na fundi wake anamshauri afunge friji la kusimama, lenye mlango wa mbele kama la nyumbani. Akauliza: "Kaka, ungekuwa wewe ungechukua lipi?"

Ndugu yangu, ningechukua la kufungulia juu. Lakini nisikilize kwanza, maana jibu hili nimelilipia.

Nilipoanza kujitegemea nilikuwa na gari moja, tena la mkopo, na nilitaka wageni wakilipanda waone nimejipanga. Friji la kusimama lilinivutia mara moja. Unafungua mlango, kila kitu kiko mbele ya macho: soda rafu ya juu, mboga katikati, siagi na maziwa mlangoni. Juu ya friji napanga makreti ya vyombo, nafasi haipotei. Kwa safari za kulala lodge halikunisumbua hata kidogo, na nililisifia kwa wenzangu wote.

Ikaja kazi ya wageni wanne, kambi, Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron kupitia Engaruka. Anayeijua njia hiyo anajua. Ukiacha lami pale Mto wa Mbu ni mawe, mchanga, na vipande virefu vya barabara iliyojikunja kama bati la msauzi. Gari linatetemeka mpaka meno. Mahali fulani baada ya Engaruka kitasa cha friji kiliachia. Sikusikia chochote, kwa sababu kila kitu ndani ya gari kilikuwa kinapiga kelele. Oldonyo Lengai uko mbele yetu, wageni wanapiga picha, mimi naeleza habari za mlima, na nyuma mlango unafunguka na kujipiga.

Tulipofika nikafungua nyuma ya gari, maziwa yakanimwagikia viatuni. Mayai yalikuwa yamepasukia kwenye vumbi, na vumbi la kule ni laini kama unga wa ngano, basi likawa tope lililokamata kwenye mpira wa mlango pande zote. Nyama ya siku tatu ilikuwa vuguvugu. Kompresa inanguruma bila kupumzika, inajaribu kupoza jangwa zima. Na kwa kuwa nilikuwa nimeliunga kwenye betri ileile ya kuwashia gari, asubuhi nilipogeuza ufunguo nikasikia tik, tik, basi. Vijana wa boma la jirani ndio walionisukuma.

Kampuni iliyonipa wageni wale haikunipa kazi tena. Hawakunieleza chochote, ila simu zangu hazikupokelewa, na mimi nilikuwa nimepanga rejesho la mkopo kwa kutegemea kazi zao. Miaka imepita lakini bado linaniuma, nikikutana na magari yao pale Lodoare, geti la kuingilia Ngorongoro, nageuza uso.

Nilikuja kuelewa baadaye kitu ambacho fundi hakuniambia. Hewa baridi ni nzito, inashuka. Fungua mlango wa mbele ukiwa peku, utaisikia ikikumwagikia vidoleni, na mahali pake inaingia ya moto. Ukifungua juu, baridi inabaki imelala ndani kama maji kisimani. Sasa piga hesabu. Friji dogo la volti 12 kompresa ikizunguka hula kama ampea 4. Ikizunguka nusu ya muda, kwa saa 24 umetumia ampea-saa 48. Betri ya kawaida ya maji yenye ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo una siku moja tu kabla ya kuchaji. Mlango ukifunguliwafunguliwa kwenye joto la Natron kompresa haipumziki kabisa, na hesabu yako inaishia usiku wa manane.

La kufungulia juu lina kero zake, sitakuficha. Unachokitaka kiko chini kila siku. Juu yake hupangi kitu. Bila reli za kulivutia nje, mgongo wa mpishi utaumia. Sisi tunapanga kwa siku: nyama ya siku ya mwisho inakaa chini kabisa upande wa kugandisha, ya leo juu, kila mfuko una karatasi yenye namba ya siku. Vinywaji vya wageni haviingii humo. Vina deli lake la barafu, wafungue watakavyo. Hilo deli peke yake limeniokoa kuliko kitu kingine chochote.

Na betri ya pili, tafadhali. Betri ya pili yenye kifaa cha kuitenga na ya gari, fyuzi karibu na betri, waya mnene. Mimi natumia wa milimita za mraba 6. Waya mwembamba unapoteza umeme njiani, friji linadhani betri imekufa, linajizima, na wewe unalaumu friji.

Kama wageni wako wanalala lodge na unabeba maji na soda tu, au una lori kubwa lenye jiko na kabati za kufunga, la kusimama litakufaa. Lifungie komeo la ziada.

Vijana wenzangu tunaoingia kwenye kazi hii, tunanunua vitu ili vionekane kwenye picha. Mgeni hatakumbuka mlango wa friji lako. Atakumbuka kama alikula usiku ule. Kabla hujatoa hela jiuliza mlango utafunguliwa mara ngapi kwa siku, na barabara gani itautikisa. Jiuliza kwa ukweli, mbele ya mpishi wako, maana yeye ndiye ataliishi.

Wewe wa Moshi, usimlipe fundi bado. Chukua futi, pima kutoka sakafu ya gari hadi chini ya kioo cha nyuma, kisha ongeza nafasi ya kifuniko kufunguka mpaka mwisho. Nitumie hivyo vipimo na picha ya mahali unapotaka kuweka betri ya pili. Jumamosi niko Arusha, gereji, gari langu liko wazi. Njoo uchungulie ndani.