Maswali ya Wasomaji: Mshahara wa Dar, Kazi Unaifanyia Ughaibuni

Barua za mwezi huu nyingi zimebeba swali moja lenye sura mbalimbali: mwajiri yuko Dar es Salaam, mfanyakazi kahama na kompyuta yake, mshahara unaendelea kuingia. Kodi inadaiwa wapi?

Mume wangu anasoma Manchester, nami nimemfuata tangu tarehe 20 Januari 2026. Kampuni yangu ya Masaki imeniruhusu kuendelea na kazi kwa mtandao. Mshahara wangu ni shilingi milioni 3, unaingia benki ya Dar, na PAYE, ile kodi ya mshahara, nakatwa kama kawaida. Shoga yangu ananiambia Waingereza nao watanidai. Mbona mwajiri si wao na pesa haipiti kwao?
*Mama Junior, Sinza*

Mama Junior, shoga yako hajakosea. Ilipo benki haiamui kitu hapa. Uingereza inaangalia ulikuwa umekaa wapi ulipokuwa unafanya kazi, na kazi iliyofanyiwa Manchester ni mapato ya Uingereza hata kama mlipaji hajawahi kufika huko. Tanzania na Uingereza hazina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, kwa hiyo hakuna kifungu cha kukukinga kwa miezi ya mwanzo.

Sasa tuje kwenye fedha. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili na kwisha tarehe 5 Aprili. Ukilala huko usiku 183 au zaidi ndani ya mwaka huo, wewe ni mkaazi wao bila mjadala. Mkaazi ana pauni 12,570 kwa mwaka zisizotozwa kodi. Mshahara wako ni milioni 36 kwa mwaka. Maadamu pauni moja inauzwa zaidi ya shilingi 2,864, haufiki hapo. Kwa mshahara huu peke yake, huenda usidaiwe hata senti.

Wengi hunaswa na kibarua cha pembeni. Ukipata kazi ya saa chache dukani au kwenye nyumba ya wazee, mwajiri wa huko atakupa zile pauni 12,570 zote kwenye mshahara wake. Mshahara wa huko ukizimaliza zote, wa Dar unabaki bila kinga na kutozwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza. Hakuna wa kukukata kila mwezi, basi deni linajikusanya kimyakimya. Kwa mwaka unaoanza 6 Aprili 2026, jiandikishe HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kabla ya tarehe 5 Oktoba 2027, na ritani ya mtandaoni (taarifa ya mwaka ya mapato na kodi) pamoja na malipo viwe vimefika tarehe 31 Januari 2028.

Na Tanzania? Hapa ndipo barua nyingi zinapokosea: watu hudhani wakishavuka siku 183 nje, Mamlaka ya Mapato (TRA) imewaachia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inakuhesabu mkaazi kwa njia zaidi ya moja. Una makazi ya kudumu nchini na umekuwepo hata sehemu ndogo ya mwaka: mkaazi. Umekuwepo siku 183 au zaidi: mkaazi. Umekuwepo mwaka huo na kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka: mkaazi pia.

Chukua kalamu uifanyie kazi hiyo ya tatu. Tuseme hukutoka nchini kabisa kabla ya kuhama. Mwaka 2024 ulikuwepo siku 366, mwaka 2025 siku 365, na mwaka 2026 siku 20 tu. Jumla 751, gawa kwa 3, unapata 250. Wewe ni mkaazi wa Tanzania kwa mwaka 2026 hata kama chumba cha Sinza ulishakirudisha kwa mwenye nyumba. Mwaka 2027 ukija likizo ya wiki mbili: 365 na 20 na 14 ni 399, wastani 133. Bado mkaazi. Mwaka huo usipokanyaga nchini kabisa, kipimo hiki hakikushiki. Mwaka 2028 ndipo hesabu inapolegea yenyewe.

Mkaazi hutozwa kodi kwa mapato ya dunia nzima, kwa hiyo mwajiri wako anakata PAYE kwa haki. Kwa milioni 3, NSSF asilimia 10 inatoka kwanza, shilingi 300,000, inabaki 2,700,000. Milioni ya kwanza ina kodi ya 128,000. 1,700,000 iliyobaki inatozwa asilimia 30, yaani 510,000. Jumla 638,000 kwa mwezi, wastani wa asilimia 23.6.

Kumbuka wastani huo, maana ndio kikomo cha nafuu yako. Kodi uliyolipa Uingereza kwa mshahara huu unaweza kuiombea nafuu TRA, lakini haitazidi wastani wa kodi ya Tanzania kwa mapato hayohayo. Mhasibu wa kampuni hawezi kuipunguza kwenye slipu ya mwezi. Unaiomba wewe, kwenye ritani ya mwaka, ndani ya miezi 6 baada ya Desemba. Mwajiriwa mwenye mshahara tu kwa kawaida hahitaji kupeleka ritani, na ndiyo sababu watu hulala usingizi mpaka muda ukapita.

Ambatanisha hesabu ya kodi kutoka HMRC na uthibitisho wa malipo. Halafu kodi hiyo igawe kwa miezi: mwaka wao unakata wetu mwanzoni mwa robo ya pili, hivyo kodi yao ya mwaka mmoja inaangukia miaka yetu miwili. Anayebandika karatasi ya Uingereza nzima kwenye mwaka mmoja wa Tanzania hurudishiwa jalada.

Nahamia Dubai kwa ile viza ya mwaka mmoja ya kufanya kazi kwa mtandao. Kule hakuna kodi ya mshahara. Mke na watoto wanabaki kwenye nyumba yetu Kigamboni. Nimwambie mhasibu aache kunikata?
*Baba Nasra, Kigamboni*

Asithubutu. Nyumba ya Kigamboni ni makazi ya kudumu, na ukija Idi siku tatu umeshakuwepo nchini sehemu ya mwaka. Wewe ni mkaazi, na mapato yako ya dunia nzima yanahesabika hapa. Kwa kuwa Dubai haitozi kodi ya mshahara, hakuna hata cha kuombea nafuu. PAYE unailipa yote. Viza hiyo, inayodai uthibitisho wa kipato cha dola 3,500 kwa mwezi, ni ruhusa ya kuishi kule. Haisemi chochote kuhusu TRA.

Ingekuwa umehama kweli, familia na nyumba pamoja, na ile hesabu ya miaka mitatu imekwisha, jibu lingebadilika. Mshahara wa sekta binafsi kwa kazi iliyofanyiwa nje, unaolipwa kwa asiye mkaazi, chanzo chake si Tanzania, hivyo hautozwi hapa. Hata hapo usiende kwa mdomo. Mwombe mwajiri apate uamuzi wa maandishi wa TRA kwa suala lenu, njia iliyomo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015. Bila karatasi hiyo, mkaguzi akija miaka minne baadaye atamdai mwajiri kodi ambayo haikukatwa, pamoja na riba.

Tena kuna wahasibu wakisikia "si mkaazi" huchomoa asilimia 15 papo hapo. Kiwango hicho ni cha asiye mkaazi anayeajiriwa na mwajiri wa hapa kwa mapato yenye chanzo cha hapa. Hakikutungwa kwa ajili ya Mtanzania aliye Dubai.

Nampeleka mama Bengaluru kwa matibabu, tutakaa miezi 5. Mwajiri wangu wa Mikocheni amekubali nifanye kazi kutokea huko. India itanitoza?
*Msomaji, Tabata*

Pole kwa kuuguza. Wewe una bahati, India ni miongoni mwa nchi 9 ambazo mikataba yake ya kodi na Tanzania inafanya kazi. Nyingine ni Afrika Kusini, Denmark, Finland, Italia, Kanada, Norway, Sweden na Zambia.

Kwa mikataba hii, nchi uliyokwenda haikutozi kodi ya mshahara yakitimia mambo matatu kwa pamoja: siku zako huko hazizidi 183, anayekulipa si mkaazi wa huko, na mshahara haubebwi na tawi la mwajiri lililo huko. Likikosekana moja, kinga yote imeanguka. Kampuni yako ikiwa na ofisi Mumbai inayorudishia Dar gharama za mshahara wako, hata siku 10 zinatozwa.

Siku zihesabu kwa miezi 12 yoyote mfululizo, kipimo kikali kuliko vyote. Mwaka wa India ni Aprili mpaka Machi, na safari ya pili ya kumrudisha mama kliniki inaweza kukutoa nje ya hesabu. Kabla ya kuondoka, omba TRA cheti cha ukaazi wa kodi cha mwaka husika. India haikubali kinga ya mkataba bila hicho. Tunza mihuri ya pasipoti na vipande vya tiketi. PAYE ya hapa inaendelea kama ilivyo.

Afisa mauzo wetu amehamia Nairobi kumfuata mkewe. Si tuko Jumuiya moja? Kuna la kufanya?
*Meneja rasilimali watu, Upanga*

Lipo, na linaihusu kampuni kuliko yeye. Soko la Pamoja linampa nafasi ya kuishi na kufanya kazi. Kodi ni meza nyingine. Mkataba wa kodi wa Jumuiya ulisainiwa mwaka 2010 lakini haujaanza kutumika, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Kenya peke yake.

Mtu wa mauzo anayejadili bei na kusaini mikataba akiwa Nairobi anaweza kuifanya kampuni ionekane ina kituo cha biashara Kenya, na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ikadai kodi ya faida. Mwandikieni barua ya kazi inayosema wazi kwamba mikataba yote inasainiwa Dar, na isainiwe Dar kweli. Mkaguzi husoma barua pepe, hasomi barua ya kazi peke yake. PAYE iendelee kupelekwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na NSSF isikatike.

Mimi ni mtumishi wa Serikali, nimepelekwa ubalozini. Haya yananihusu?
*Msomaji, Ukonga*

Kwa upande wa Tanzania, hapana. Mtumishi wa Serikali aliyepangiwa kazi nje ni mkaazi hata asipokanyaga nyumbani mwaka mzima, na mshahara unaolipwa na Serikali una chanzo Tanzania popote kazi inapofanyiwa. PAYE yako ni ileile.