Usinunue kipimo cha sumukuvu kabla hujajua utachota wapi

Mkuu, usilipe bado. Umesema una shehena ya mahindi na mashudu ya karanga ya kulisha ng'ombe wa maziwa. Umeuliza ununue kipimo gani cha haraka, kama taa ya urujuanimno inatosha, kama kipimo cha aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu, kinakamata na fumonisini, ambayo ni sumu nyingine ya kuvu, na mzigo uuhifadhi vipi. Halafu katikati ukapitisha sentensi moja kama haina uzito: "nitachota kikombe kwenye gunia la kwanza nipime." Hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Kikombe cha namna hiyo hiyo ndicho kilichotutia hasara sisi.

Aliyetuuzia vipimo alikuja mwenyewe kutuonyesha. Akafungua gunia la juu kabisa, lililo karibu na mlango, akachota kiganja, akasaga, akamimina kimiminika, akatikisa, akadondosha matone kwenye kile kipande cha kipimo kinachoonyesha majibu kwa mistari. Mistari yote miwili ikatokea, imekoza. "Mzigo safi huu, lisheni." Tukalisha. Magunia ya chini, yaliyoegemea ukuta wenye unyevu, hakuna aliyeyagusa. Maziwa yakakataliwa kwa sababu ya aflatoksini M1, ile inayotoka kwa ng'ombe aliyekula B1, aflatoksini inayokuwa kwenye lishe. Tulipomrudia akajibu kwamba kipimo chake hakina kosa. Na kweli hakikuwa na kosa! Kilipima sawasawa kile kiganja alichokipa. Linaloniuma mpaka leo ni kwamba karatasi ya maelekezo ilikuwa ndani ya boksi, na inaeleza kuchukua sampuli kabla ya kueleza jambo jingine lolote. Yeye akairuka, akaanzia kwenye matone. Mtu anayeishi kwa kuuza vitu hivi hana haki ya kuiruka.

Sikiliza kwa nini. Kuvu ya Aspergillus flavus, inayotengeneza aflatoksini, haisambai kwenye mzigo kama chumvi kwenye mchuzi. Inakaa kwenye punje chache zilizotobolewa na wadudu, zilizopasuka, au zilizolala penye unyevu. Jirani zake zinaweza kuwa safi kabisa. Watafiti wamewahi kupima karanga punje moja moja wakakuta nyingine ina zaidi ya mikrogramu 1,000,000 kwa kilo. Piga hesabu mwenyewe. Punje ya nusu gramu yenye kiwango hicho imebeba mikrogramu 500. Itie kwenye kilo 25 za karanga safi, na kilo zote 25 kwa wastani zimefika mikrogramu 20 kwa kilo, ambacho ndicho kikomo cha Marekani kwa vyakula vingi vya watu na kwa lishe ya ng'ombe wa maziwa. Ulaya ni wakali zaidi: lishe mchanganyiko ya ng'ombe wa maziwa isizidi mikrogramu 5 za B1 kwa kilo. Sasa niambie, kikombe chako kina nafasi gani ya kuipata punje hiyo moja? Ukiikosa utasoma sifuri. Ukiipata utadhani mzigo wote ni sumu tupu. Majibu yote mawili ni ya uongo, hata ukipeleka kikombe hicho kwenye maabara ya kifahari kuliko zote. Thomas Whitaker wa Idara ya Kilimo ya Marekani alitumia miaka mingi kupima jambo hili hili, na jibu lake halijabadilika: kosa kubwa linatokea kwenye kuchota sampuli, kabla mashine haijawashwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: chota kidogo kidogo, sehemu nyingi, mzigo mzima. Tumia bambo refu linalofika katikati ya gunia. Ingia kwenye magunia ya juu, ya kati, ya chini, ya ukutani, ya mlangoni. Kama mzigo unashushwa, chota huku unashuka. Hutapata nafasi nzuri kama hiyo tena. Kanuni za Ulaya kwa shehena kubwa ya nafaka zinataka michoto 100 itakayofikisha kilo 10. Wewe unaweza kuwa na mzigo mdogo zaidi, lakini umeona tofauti kati ya kilo 10 na kikombe.

Halafu saga ZOTE. Hapa ndipo wengi wanapoharibu hata baada ya kuchota vizuri: wanapunguza punje zikiwa nzima, kisha wanasaga kidogo kilichobaki. Punje yenye sumu inabaki kwenye rundo la kutupwa. Saga kwanza, itoke unga na si chenga, changanya sana, ndipo ugawe mafungu manne, uchukue mawili ya pembe zinazotazamana, uchanganye tena, mpaka ufikie kiasi anachotaka mwenye kipimo. Vaa barakoa, vumbi hilo si la kuvuta. Na safisha kinu kabla ya kuingiza sampuli ya pili, la sivyo mzigo wa jana utaingia kwenye majibu ya leo.

Kuhusu kipimo chenyewe: uliza kwa maandishi kama kimethibitishwa kwa mashudu ya karanga, si kwa mahindi tu. Mafuta na rangi ya mashudu vinaweza kupotosha majibu. Na kwenye vipande hivi, mstari wa sampuli ukififia au ukipotea ndipo sumu ipo. Nimeona watu wakisoma kinyume. Fumonisini inahitaji kipimo chake. Cha aflatoksini hakiioni kabisa. Majibu yakikaa karibu na kikomo, peleka unga ule ule maabara wakapime kwa kromatografia, njia ya maabara ya kutenganisha kemikali na kuzipima.

Taa iache. Ule mng'ao wa kijani-njano kwenye mahindi yaliyovunjwa hautoki kwenye aflatoksini yenyewe, unatoka kwenye asidi ya kojiki inayotengenezwa na kuvu ile ile. Punje inaweza kung'aa bila sumu, na nyingine ikawa na sumu bila kung'aa.

Jambo jingine ambalo muuzaji hatakuambia: baada ya kugawa, funga sehemu ya unga huo kwenye mfuko usiopitisha unyevu, andika tarehe na namba ya mzigo, aliyekuuzia mahindi aweke saini na wewe uweke, kisha hifadhi penye baridi. Siku ya ubishi, hicho ndicho kitakachopelekwa kupimwa upya. Sisi hatukuwa nacho.

Niambie magunia ni mangapi, yamepangwaje, na kinu chako kinasaga laini kiasi gani. Tukimaliza hapo ndipo tutaje jina la kipimo.