Maswali ya Wasomaji: Mke wangu anaimba habari za ulanzi. Je, ananisema?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Kyela, lakini ninaishi Mafinga na mke wangu, ambaye kwao ni Kilolo. Ninasafirisha mbao kwenda Dar es Salaam, na mara nyingi hukaa huko mpaka mzigo uishe. Tangu arudi kutoka harusi ya mdogo wake, mke wangu anaimba wimbo ambao wanawake waliuimba siku ya kumfunda bibi harusi. Nimeshika mistari mitatu tu:

Mbeta uliitundika, ncha hukurudi kuikata,
Wapita njia walionja mtogwa, nawe nikakuwekea mkangafu,
Mvua zikikatika, usinijie na kisu.

Nikiingia jikoni akiwa anaosha vyombo, ananyamaza kabla ya kufika mstari wa pili. Rafiki yangu ameniambia kwamba hao wapita njia ni wanaume, na kwamba mke wangu anakiri jambo. Ni kweli kwamba siku hizi ndani hatuongei sana. Naomba unieleze maana ya wimbo huu. (Mume, Mafinga)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Rafiki yako ameusoma mstari wa pili peke yake akauacha wa kwanza, na huo wa kwanza ndio unaoubeba wimbo wote. Kwa kuwa wewe umekulia kwenye kakao na mpunga, itabidi tupite kwanza kwenye kichaka cha milanzi, yaani mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi.

Mgema wa ulanzi hukata ncha ya chipukizi la mlanzi, kisha huifungia mbeta, yaani kile chombo cha kipande cha mwanzi, ili utomvu udondokee humo. Kazi yake haiishii hapo. Asubuhi na jioni hurudi na kisu kikali akaondoa tena kipande chembamba cha ncha ileile, kwa sababu mkato ukiachwa hukauka, na mbeta itaning'inia tupu hata kama mlanzi wenyewe ni mzima na mvua inanyesha. Anayelaumiwa katika mstari wa kwanza, basi, ni mtu aliyeanza vizuri kabisa, akaleta posa, akatoa mahari, akajenga nyumba, halafu akadhani kwamba chombo kikishatundikwa kitajaa chenyewe. Hakushtakiwa kwa kumpiga mtu wala kwa kuwa na mwingine. Ameshtakiwa kwa kutorudi, na mume anayesubiri mbao zake ziuzwe Dar es Salaam anaweza kujiuliza kama maneno hayo yanamhusu.

Sasa twende kwa hao wapita njia. Mtogwa ni ulanzi uliotoka kugemwa, mtamu, haujachacha, na mkangafu ni ule uliokaa ukawa mkali wa kulevya. Ulanzi huo ni mmoja, umetoka katika mlanzi mmoja, na kilichobadilika ni saa ya kuunywa: aliyepita mapema aliukuta mtamu, na mwenyewe alipokuja akaukuta umegeuka. Ninavyousoma mimi, wapita njia ni majirani, mawifi, wateja, wote wanaomkuta mwanamke huyu mchana akiwa mcheshi, ilhali mumewe akifika hupewa ukimya na majibu ya mkato. Ukiutazama vizuri utaona pia neno ambalo rafiki yako amelipita haraka, kwamba mwanamke wa wimbo anasema alimwekea mumewe. Aliyekwisha kumtoa mtu moyoni hamwekei kitu, awe mtogwa au mkangafu. Hata hivyo, wimbo ulioimbwa na kundi la wanawake hauwezi kuwa ushahidi wa mwenendo wa mmoja wao, na ningekushauri usiuchukue hivyo hata kidogo.

Kuhusu kunyamaza kwake, watu wa pwani wangekuelewa upesi. Katika taarabu, ambayo Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, aliirekodi Bombay tangu mwaka 1928, fumbo hujulikana linamlenga nani kwa kutazama aliyeinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa fedha, na ni ubeti upi uliomwinua. Jikoni kwako hakuna anayetunza, lakini mahali anaponyamaza mkeo pana uzito uleule. Rafiki yako ameona hapo hatia. Mimi naona haya, kwa sababu mstari huo ndio pekee ambamo mwimbaji anajisema yeye mwenyewe, kwamba amekuwa mkali kwa mtu aliyestahili kupewa utamu.

Mstari wa tatu ni mfupi na mzito. Huku kwetu nyanda za juu mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, na ulanzi hufuata mvua. Anayekuja na kisu kiangazi anakata mti mkavu. Lakini wimbo haukusema mvua zimekatika. Umesema zikikatika, kwa hiyo hilo ni onyo, bado si kuagana.

Kabla hujapakia mzigo unaofuata, mwombe mkeo akuimbie wimbo wote, naye akifika hapo anaponyamaza, mwambie kwamba huo mstari umekwisha kuusikia na kwamba ule unaokuhusu wewe ni wa kwanza. Usimtaje rafiki yako wala tafsiri yake. Na kama kuna mstari wa nne ambao hukuwahi kuushika, tuandikie tena, kwani mistari mitatu ni michache kwa wimbo wa kufundia.